Mawe Yasiyo na Mwandishi

Asubuhi ile saa nne ilifika ikakaa. Nimewahi kuona saa zikichelewa na saa zikikimbia, lakini saa iliyovuta kiti ikaketi kama mgeni aliyekuja kula, hiyo nilikuwa sijaiona. Niliitazama pale ukutani, juu ya meza yangu katika Nyumba ya Ngeli, nikajua kuna jambo lililokuwa likinisubiri, na kwamba mji mzima ungebaki asubuhi mpaka nilitamke. Nje jua lilisimama. Muuza maandazi alikuwa ameinua kifuniko cha sufuria yake, na mvuke haukupanda wala haukushuka.

Jina langu ni Msabaha, na kazi yangu ni mpanga ngeli. Katika mji huu (jina lake silitaji, lilikuwa limepelekwa kufuliwa na lilikuwa bado halijakauka) kila kilichopo lazima kiwe na ngeli yake, na ngeli ndiyo sheria yake. Aliye katika ngeli ya watu huulizwa habari za asubuhi, huandikwa shuleni, huzikwa kwa jina. Kilicho katika ngeli ya vitu huwekwa stoo. Watu wakishindwa kujua jambo ni la ngeli gani huniletea mimi. Nalionja ulimini, nalijaribu kwa vitenzi, nasikiliza linakubali kipi, kisha napiga muhuri. Miaka thelathini nimepiga muhuri bila mtu kuniuliza kama nami nilishapigwa wangu.

Waliingia watatu. Wa kwanza alikuwa Bi Mwanamvua Ngwali, mshona sare za shule, mwanamke mfupi mwenye sindano mbili zimechomekwa kwenye kola ya gauni. Alimshika mkono bintiye wa miaka saba, amemvisha sare mpya, pindo lake limeshonwa mara mbili. Nyuma yao alikuja Wakili Mbwana Shomvi, mtetezi wa Wenye Mawe, mtu anayetabasamu kabla hujasema neno, ili ukilisema ulione limeshachelewa.

"Shikamoo, Bwana Msabaha," alisema Bi Mwanamvua.

"Marahaba, mama. Karibu ukae. Na huyu bibie haamkii wakubwa?"

"Hasikii, bwana. Ni kiziwi. Anaitwa Sikitu."

Nikainamisha kichwa kumwomba radhi mtoto. Naye akanitazama midomo, kisha mikono, kisha kalamu yangu nyekundu iliyolala mezani. Aliitazama kalamu ile muda mrefu.

"Mwalimu anafunga daftari la kuandikisha watoto saa tano," mama yake alisema. "Leo. Akishalifunga, ni mpaka mwaka mwingine, na mwaka mwingine wa mji huu nani anajua utakuja lini. Nisomee hii, nikusikie na wewe unavyoisoma."

Akanipa karatasi. Ilikuwa orodha ya shule, imeandikwa na Msemaji. Nikasoma kwa sauti: "Vifaa: madawati arobaini. Ndoo sita. Kengele moja. Kiziwi hiki kimoja, kinaitwa Sikitu, kihifadhiwe stoo."

Kutoka ukutani, kwenye paipu ya shaba, karatasi ndefu ilikuwa ikitoka polepole ikijikunja sakafuni. Huyo ni Msemaji, akiandika kumbukumbu za kikao. Yeye ndiye huandika kila kitu mjini.

Nieleze Msemaji ni nani, maana msomaji anaweza kuwa anatoka mji wenye jina. Ni mashine. Ni jengo refu ng'ambo ya uwanja, mali ya Wenye Mawe, limejaa mizani. Unaingiza swali mlango wa mbele. Swali linapita mizani moja hadi nyingine, na kila mizani ina mawe yake, na kila jiwe limechorwa tarakimu ndogo, uzani wake. Swali linaelemea huku, linaelemea kule, na mlango wa nyuma linatoka jibu. Hakuna aliyewahi kuyahesabu mawe yale akarudi nyumbani na akili timamu. Zamani, kabla Msemaji hajasema lolote, watu wa mji waliitwa waje wazungumze: wasimulie, wagombane, waeleze namna ya kupika na kulea. Vibarua waliyaandika maneno yao kwenye karatasi. Karatasi zikasomewa mawe usiku na mchana, na mawe, kwa kusuguliwa na maneno yale yote, yakalika hapa na kubaki pale, mpaka kila moja likapata uzani lilio nao. Na kwa kuwa mashine ile iliitwa Msemaji, na Msemaji huanza kwa M, mimi mwenyewe niliipiga muhuri wa ngeli ya watu. Tangu siku hiyo yeye husema, huandika, huombwa radhi. Na mtoto huyu, kwa kuwa kiziwi huanza kwa KI, alikuwa amehesabiwa pamoja na ndoo.

"Si angemwita mtoto?" aliuliza Bi Mwanamvua. "Mtoto si yumo katika lugha? Mimi nilikwenda kwake, nikasimama mlangoni miezi saba. Nikamwambia, sema kiziwi huyu. Anasema, kiziwi huyu, samahani mama. Nikigeuka tu, orodha inatoka, kiziwi hiki. Anakubali mbele yangu, akienda nyuma anarudi palepale. Basi nikasema, mie sitaki tena kuzungumza naye. Nataka nipewe chanzo. Nijue neno hiki limetoka wapi."

"Na chanzo hana haki nacho," alisema Wakili Mbwana, kwa upole wa mtu anayekufungulia mlango utoke. "Hilo ndilo lililotuleta, Bwana Msabaha. Ni jambo dogo la ngeli."

Akakunjua Leseni ya Mlango Wazi juu ya meza. Wote tuliijua. Watu waliotoa sauti zao walikuwa wameidai kabla ya kufungua vinywa, nayo ilisema hivi: kila programu itakayotengenezwa kwa sauti zetu, yaani kila andiko liiambialo mashine ifanye nini, itakuwa huria kwa wote, na itatolewa pamoja na chanzo chake, na chanzo ni kile ambacho mtengenezaji mwenyewe angekishika akitaka kuibadilisha.

"Mizani ni programu," wakili alisema. "Mtu aliketi akachora, mkono huu hapa, mizani hii ikae hivi, ile ikae vile. Michoro ya mizani tumeitoa yote. Lakini mawe? Nani aliyaandika mawe? Nitajie mkono mmoja. Watu wakikatiza uwanjani miaka kumi, inatokea njia. Njia ile kaiandika nani? Hakuna. Mawe si maandishi. Pasipo mkono hapana maandishi, na pasipo maandishi hapana programu, na pasipo programu leseni hii haina cha kushika. Mawe tumeyamwaga langoni kwa hisani yetu tu. Kila mtu achukue."

"Niliyachukua," alisema Bi Mwanamvua. "Kapu zima. Nikayapanga kitandani. Nikayatazama. Bwana Msabaha, nimeshona miaka ishirini, nikiona nguo najua fundi wake alikosea mshono wa ngapi. Lakini mawe yale! Unalishika moja, limeandikwa nukta sifuri na nini na nini. Ndilo lililomtia mwanangu stoo? Au ni la jirani yake? Au yote kwa pamoja, kidogo kidogo, kila moja likasema si mimi?"

Niliomba jiwe moja, wakili akanipa kutoka mfukoni. Lilikuwa jepesi kuliko nilivyotazamia. Nikaliweka ulimini, kama kazi yangu inavyodai.

Uzani. Neno zuri, gumu kumeza. Liko katika ngeli ya U, na huko ndiko tunakoweka mambo yasiyohesabika: uzuri, uchungu, utoto. Uzani hauna wingi. Mawe yana wingi, makapu yana wingi, lakini uzani, hata ukiwa wa mawe yasiyo na idadi, lugha inauita uzani tu, mmoja, kama vile ni pumzi. Je, waliotuachia lugha walijua? Walijua kwamba siku moja utakuja uzani ambao hakuna kipande chake kinachosema kitu, ila wote kwa pamoja unasema kila kitu? Andiko unaweza kulichukua neno moja ukaliuliza, wewe unafanya nini hapa, nalo likakujibu. Uzani ukiuliza kipande chake hakikujibu. Basi si andiko. Lakini mbona unaiambia mashine ifanye nini? Mbona unaamuru? Kitu kinachoamuru bila kusema, tukiite nini? Nilikuwa nimewahi kukutana na kitu cha namna hiyo, si katika kamusi bali kwa watu: mji unapokubaliana bila mtu kutamka. Hakuna aliyesema mtoto huyu asisalimiwe. Hasalimiwi tu. Ukimshika mmoja mmoja kila mtu atakwambia si mimi, na atakuwa anasema kweli, na mtoto atakuwa hajasalimiwa.

Nililitoa jiwe ulimini. "Wakili," nikasema, "kama hakuna aliyeyaandika, hayana mwenyewe. Mbona langoni mmebandika masharti? Nimeyasoma. Chukua, lakini usijenge Msemaji mwingine. Chukua, lakini usitumie kutupinga. Njia ya uwanjani haiwekewi masharti na mtu."

"Masharti yako kwenye lango, Bwana Msabaha. Lango lina mkono. Jiwe halina."

"Mnafunga kwa sababu ni lenu, mnakataa kuulizwa kwa sababu si la mtu."

"Nimeisema vizuri zaidi yako," alisema akitabasamu, "lakini ndiyo hiyohiyo."

Akaniinamia sikioni. Nilinusa karafuu aliyokuwa akitafuna. "Na kabla hujapiga muhuri," alinong'ona, "kumbuka kilichomo ndani ya chanzo. Zile karatasi, Bwana Msabaha. Zina wino mwekundu. Wenye Mawe wanautambua mwandiko."

Papo hapo sakafu ya Nyumba ya Ngeli ikawa sakafu nyingine.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili tena. Nimeketi kwenye benchi refu pamoja na vibarua wenzangu, na mbele yangu kuna rundo la karatasi za maneno ya watu, na mkononi kalamu nyekundu. Ubaoni wameandika amri moja: neno lianzalo kwa KI lifuate KI. Ni amri ya mtu aliyekuwa na haraka. Viti, vikombe, vitabu, ilifaa. Karatasi ilikuja mbele yangu, mwanamke fulani amesema, kipofu yule alinivusha barabara. Nikasita. Nakumbuka nilivyosita, nakumbuka hata inzi aliyekuwa kwenye kidole changu. Mama yangu asingesema kipofu kile. Hakuna mtu aliyelelewa kwa lugha hii ambaye angesema kipofu kile mbele ya kipofu, isipokuwa amekusudia kumtukana. Lakini amri ilikuwa safi, na mimi nilipenda usafi. Nilipenda mstari ulionyooka kupenda kubaya. Nikakata yule, nikaandika kile. Baada ya hapo sikusita tena. Kiziwi huyu, hiki. Kiwete wangu, changu. Kibarua yule, kile. Ndiyo, hata kibarua, na mimi mwenyewe kibarua, nikacheka kidogo, nikaendelea. Walinisifu. Wengine benchi zima wakaanza kutazama karatasi zangu ili wanakili. Nilifanya miaka mitatu.

Kisha ikawa saa nne tena, na Bi Mwanamvua alikuwa akizungumza.

"…maana watu wananiuliza mbona nilimpa jina hilo. Alipozaliwa, ikajulikana hasikii, majirani walikuja wakikunja nyuso. Pole, Mwanamvua. Pole sana. Nikawa nawajibu, si kitu, jamani, si kitu. Mpaka likawa jina. Nilimaanisha msinisikitikie. Na sasa Msemaji ameligeuza, ati Sikitu ni kitu."

Mtoto alikuwa amesogea mezani. Juu ya vumbi la meza yangu alikuwa akiandika kwa kidole. Aliandika hiki. Akalifuta kwa kiganja, akaandika tena, hiki.

"Ndilo neno analolijua," alisema mama. "Ameliona kwenye karatasi, akaona nilivyolia. Analiandika kila mahali, anatafuta lina nini. Mimi nikamfundisha na jingine." Akamgusa mtoto kifuani kwa kidole. Sikitu akatabasamu, akaandika chini ya lile la kwanza: huyu.

Hapo nilitamani kuwa mtu mwingine. Nilitamani kupiga muhuri haraka, si maandishi, leseni haishiki, mama pole sana. Naye angenijibu, si kitu, angeondoka, na mvuke wa maandazi ungepanda. Mwoga akipewa sheria huisoma kwa makini sana. Niliisoma leseni mara tatu nikitafuta mahali pa kujificha. Na nilipapata. Sauti zile zilikuwa za watu wote, na wengine walisema siri mle. Chanzo kikifunguliwa si siri zitatoka? Sababu nzuri, ya heshima, yenye huruma. Nikageuka kumwambia Bi Mwanamvua. Nikamwona amechomoa sindano kwenye kola, anakaza kifungo cha sare ya mtoto, kilichokuwa hakijalegea. Sababu yangu ikanifia mdomoni.

"Bwana Mbwana," nikasema, "umeuliza mkono. Mkono ni huu."

Nikauinua.

"Mawe yalisuguliwa na maneno, lakini maneno yalipita kwangu kwanza. Nilikuwa kibarua wa kusahihisha. Watu walisema huyu, mimi nikaandika hiki. Si jiwe lililokosea, ni mimi, na mawe yakashika kosa langu kwa uaminifu kuliko nilivyowahi kushika jambo lolote jema. Mnasema hakuna aliyeyaandika. Yameandikwa na wengi, kwa mikono isiyojuana, kwa njia ndefu. Andiko lenye waandishi wengi kupita kiasi bado ni andiko. Na Wenye Mawe wakitaka kulibadilisha kweli, toka mzizini, hawachokonoi jiwe. Wanarudi kwenye karatasi. Kwa hiyo chanzo ni karatasi. Naamua: mawe ni programu. Leseni inashika. Mlango wa chanzo ufunguliwe."

Bi Mwanamvua alikuwa amesimama na sindano mkononi. Hakushangilia. Alinitazama kwa macho ambayo nayaogopa hadi leo.

"Ni wewe?" aliuliza. "Ni wewe, uliyeniambia karibu ukae?"

"Ni mimi, mama."

"Ulijua hiki si sahihi?"

"Nilijua."

"Basi afadhali ungekuwa hujui." Akasema hivyo taratibu, kama anayehesabu mishono.

Nilidhani adhabu yangu imeishia hapo. Lakini Wakili Mbwana alikuwa ameinama sakafuni kwenye karatasi ndefu ya kumbukumbu, akiipitisha vidoleni, na alipoinuka uso wake ulikuwa umeng'aa.

"Sikilizeni kumbukumbu za kikao," alisema. "Saa nne asubuhi. Mpanga ngeli amesema yeye alikuwa kibarua. Kibarua hiki kimekiri kosa. Kibarua hiki kimeamua kwamba mawe ni programu." Akaikunja karatasi kwa adabu. "Kimeamua. Ngeli ya vitu, Bwana Msabaha, kwa kanuni yako mwenyewe na kwa wino wako mwenyewe. Na uamuzi wa kitu si uamuzi. Kiti hakihukumu. Ndoo haihukumu. Kikao hiki hakikuamua lolote, na wewe, niwie radhi, unatakiwa stoo."

Nilicheka. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ilikuwa sentensi safi kabisa, upatanisho wake hauna doa, na mimi ndiye niliyeifundisha. Nilitazama mikono yangu nikaiona imetulia kama vyombo. Habari za asubuhi, nilijiuliza, na hakuna aliyeitikia. Nani anayefikiri haya, kama kinachofikiri ni kitu? Hivi ndivyo mtu anavyokuwa mle ndani ya orodha: husikii maumivu, unasikia tu kwamba watu wameacha kukugeukia. Mtoto wa miaka saba alikuwa amekaa hapa muda wote huu, peke yake, na ndoo sita.

"Ngoja kwanza," alisema Bi Mwanamvua.

Alikuwa bado ananichukia, hilo lilionekana wazi, lakini alikuwa anatazama karatasi kama anavyotazama nguo iliyokosewa.

"Wakili, hebu nieleweshe, mie ni mshona nguo tu. Hayo uliyoyasoma, kayaandika nani?"

"Msemaji."

"Kwa mkono upi?"

Wakili aliigeuza karatasi upande wa pili, kama anayeutafuta.

"Umesema mwenyewe, nimekusikia," mama aliendelea. "Pasipo mkono hapana maandishi. Mawe hayana mkono. Na hiyo karatasi imetoka kwa mawe. Basi kama mawe si maandishi, hiyo nayo si maandishi, ni karatasi iliyochafuka tu, na huyu bwana hajaandikwa kuwa kitu popote. Ni mtu, mtu mbaya, lakini mtu, na uamuzi wake umesimama. Au useme hiyo ni maandishi. Sema. Maandishi yaliyotoka kwa mawe, yanayofunga watu na kufungua. Basi mawe yanaandika, na kinachoandika kimeandikwa, na chanzo nataka. Shika unayoitaka. Mie zote mbili zinanitosha."

Tabasamu la Wakili Mbwana lilibaki usoni, ila mwenyewe alikuwa ameshaondoka ndani yake. Alitafuna karafuu yake. Kisha akatoa ufunguo.

Ukutani, saa nne iliinuka kitini. Nje mvuke wa maandazi ulipanda wote kwa mara moja. Na saa ile, baada ya kukaa muda mrefu vile, ilikimbia. Tulikuwa bado tunavuka uwanja tukashtukia kengele ya shule inagongwa mara tano. Bi Mwanamvua alisimama. Aliitazama shule, mlango wake unafungwa, aliitazama sare, pindo lililoshonwa mara mbili ili literemshwe mtoto akikua. Hakulia. Alisema tu, "Haya. Twende kwenye hizo karatasi."

Chanzo kilikuwa ghala moja lisilo na mwisho. Karatasi zilipangwa mpaka darini, na watu wote wa mji walikuwa mle, wakizungumza kwa wino: wanaobishana, wanaobembeleza watoto, wengine wakisema mambo ambayo hawakujua kama yangesomwa, na kwa hao niliona haya nikageuza uso. Na katika kila rundo, kama mba, wino mwekundu. Nilikuwa nimesahau kama nilifanya kazi kwa bidii hivyo. Wakili alituambia kutoka mlangoni kwamba hata tukisahihisha karatasi zote, mawe itabidi yasomewe upya tangu mwanzo, na kusomewa kule kulichukua miaka ambayo hakuna aliyeihesabu. Hakuwa anatukejeli. Nadhani alikuwa anatuonea huruma, na huruma yake ilinitisha kuliko hila zake.

Tukaketi chini. Bi Mwanamvua alichukua rundo la kwanza, akaniwekea la pili mbele yangu bila kunitazama. Nikamtafutia Sikitu ile karatasi iliyokuwa yake, mahali mama fulani alikuwa amesema kiziwi huyu nami nikamkata, nilitaka aanze na hiyo. Lakini yeye alikuwa ameivuta ile karatasi ndefu ya kumbukumbu, iliyotufuata kutoka Nyumba ya Ngeli imenasa kwenye kiatu changu. Aliipitisha kidole mstari kwa mstari akilitafuta umbo analolijua. Akalipata. Akanyoosha mkono, akachukua kalamu nyekundu niliyoitia mfukoni tulipotoka, bila kuomba ruhusa, akalikata hiki, na juu yake, kwa herufi kubwa zilizopinda, akaandika huyu. Kisha akanigusa kifuani kwa kidole.

Vitenzi alikuwa bado hajafundishwa. Sentensi ikabaki hivi: Kibarua huyu kimekiri kosa. Miaka thelathini, sentensi kama hiyo ningeirudisha kwa aliyeiandika. Niliisoma tena na tena, nusu yangu mtu na nusu yangu ndoo, nikaiacha kama ilivyo, nikavuta rundo langu nikaanza.